Mtu Akisema Hapana: Mwongozo kwa Waendesha Warsha za Saikolojia Mbadala

Kazi yangu ya kwanza katika warsha hizi ilikuwa kukaa mlangoni. Nilipewa kiti, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na maswali matatu ya kukariri. Mshiriki akiinuka katikati ya zoezi akashika njia ya nje, nilitakiwa nimkabili na kumuuliza kwa upole: "Unakimbia nini? Umeshakimbia hivi mara ngapi maishani? Utaendelea kukimbia mpaka lini?" Wengi waligeuka wakarudi kukaa. Mkufunzi wetu mkuu aliwahesabu waliorudi kuwa ushindi wangu, nami nikavimba kichwa, maana sauti ya upole ninayo.

Siku moja akaja mama mmoja wa makamo. Swali la kwanza hakujibu. La pili akanitazama tu. La tatu lilipofika akasema, "Mwanangu, mimi nina kisukari. Nipishe nikale."

Nikampisha. Maswali yangu matatu hayakuwa na nafasi ya jibu kama lile. Aliyeyatunga alikwisha kuamua kwamba kila anayetoka ukumbini ana jambo la nafsi analolikwepa, kwa hiyo njaa, choo, maumivu ya kifua na hata akili timamu vyote viliitwa kukimbia.

Wewe unayeanza kuendesha warsha za kupumua, za hipnosisi (kumwingiza mtu katika hali inayofanana na usingizi), za mtoto wa ndani (kurudia hisia za utotoni), za kusimamisha watu wawakilishe ndugu za mshiriki, au unayealikwa kutoa mada ya saa moja tu kuhusu lugha ya mwili, haya ndiyo ninayoyafanya sasa. Kama njia unayofundisha inaponya au haiponyi ni mjadala mwingine, na maoni ninayo. Hapa nazungumzia namna ya kuendesha ukumbi.

Anza na tangazo

Uongo mwingi wa kazi yetu huanza kabla mtu hajaingia mlangoni. Tangazo langu la zamani lilisema: "Vunja minyororo ya kiwewe ndani ya siku mbili." La sasa linasema: "Siku mbili za kujifunza na kujaribu mazoezi manne ya kupumua na kuzungumza. Si tiba. Hayachukui nafasi ya daktari wala ya dawa unazotumia. Unaweza kukataa zoezi lolote." Ndiyo, halivutii kama lile la kwanza. Watu wanaojiandikisha wamepungua. Lakini simu za usiku kutoka kwa waliokuja wakitegemea muujiza zimepungua zaidi.

Jina la "mwanasaikolojia" katika nchi nyingi linalindwa na sheria, na huwezi kujivika kwa cheti cha wikiendi tatu. Hata pale sheria ilipolala, andika ulichosomea na ulikisomea muda gani, kwa saa. Saa zina aibu yake nzuri: anayeandika "saa 40" hawezi tena kujiita bingwa kwenye mstari unaofuata.

Ushuhuda wa washiriki usiuchukue jioni ya mwisho. Jioni ile watu wamelia pamoja, wamekumbatiana, wamelala kidogo. Angeulizwa mtu kuhusu rangi ya ukuta angesema imebadilisha maisha yake. Mimi nasubiri miezi mitatu, na nawaandikia wote, pamoja na walioondoka siku ya kwanza.

Na usafishe slaidi zako. Ile kwamba asilimia 93 ya mawasiliano haitokani na maneno? Inatokana na majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, yaliyohusu hisia za kupenda au kutopenda, tena pale neno na sauti au uso vinapopingana. Hayasemi kwamba ukitoa hotuba maneno yako ni asilimia 7. Kama ingekuwa hivyo, tungeelewa filamu za lugha tusizozijua bila shida. Kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo ni uzushi mtupu. Ukifundisha aina za haiba, waambie watu kisa cha mwanasaikolojia Bertram Forer. Mwaka 1948 aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la haiba, kisha kila mmoja akapokea "uchambuzi wake" na kuupa alama kwa usahihi. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maandishi yale yale, ambayo mengi aliyaokota kwenye kitabu cha utabiri wa nyota. Mimi hufanya mchezo huu saa ya kwanza ya warsha, halafu nawaambia: leo nikikuambia jambo likakuchoma moyoni ukahisi nimekusoma, kumbuka karatasi hii. Mkufunzi mwenzangu aliniona nikifanya hivyo akasema najikatia tawi nililokalia. Labda.

Fomu isomwe kabla ya ada

Hili nililijifunza kwa kuumbuka. Fomu ya afya nilikuwa naigawa ukumbini asubuhi ya kwanza, watu wamekaa bega kwa bega, ada wameshalipa, mizigo wameshaiweka. Kijana mmoja aliweka "hapana" mahali palipouliza kifafa. Alasiri, katikati ya zoezi la kupumua, akaanguka. Alipozinduka aliniambia jirani yake alikuwa akichungulia karatasi, na isitoshe alijua akiandika ndiyo atarudishwa nyumbani. Nisingemlaumu. Mazingira ya kudanganya niliyatengeneza mimi.

Sasa mtu anajaza fomu akiwa peke yake, siku kadhaa kabla, na ada haipokelewi mpaka niisome na tuzungumze kwa simu. Pesa ikishaingia, yeye anataka asikose na mimi sitaki kurudisha. Wote wawili tuna sababu ya kufumba macho.

Kwa mazoezi ya kupumua kwa nguvu nauliza: ujauzito, kifafa, ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, presha ya macho au tatizo la retina, upasuaji wa karibuni, na kama amewahi kupata saikosisi (kupoteza uhusiano na uhalisia) au vipindi vya kupandwa na furaha iliyopitiliza. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, iwe mfukoni, si kwenye begi chumba cha pili. Hata Stanislav Grof na mkewe Christina, walioanzisha upumuaji wa holotropiki, zoezi la kupumua haraka kwa muda mrefu, miaka ya 1970, waliweka orodha ya wasiofaa kushiriki. Ajabu ni kwamba wengi walioiga zoezi hawakuiga orodha.

Waeleze pia kitakachotokea mwilini, kwa lugha ya mwili. Ukipumua haraka na kwa kina kwa muda mrefu, unatoa kaboni dioksaidi nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Damu inapungua asidi, kalsiamu iliyo huru ndani yake inashuka, neva zinachangamka kupita kiasi. Ndiyo maana midomo inakufa ganzi na vidole vinajikunja kama makucha ya kuku. Mishipa inayolisha ubongo nayo inasinyaa, ndipo kizunguzungu kinapokuja. Ukipunguza mwendo, hali inarudi. Mimi nilifundishwa kusema, "Hiyo ni nishati iliyokwama inatoka, endelea." Fikiria mtu mwenye maumivu ya kifua akiambiwa hivyo.

Hapana iwe hapana

Oktoba 2009, karibu na Sedona huko Arizona, Marekani, mkufunzi James Arthur Ray aliwaingiza watu zaidi ya 50 katika hema la mvuke, mwisho wa warsha ya siku tano ambayo kila mmoja aliilipia karibu dola 10,000. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa saa 36 jangwani bila chakula wala maji. Aliwaambia watajisikia kama wanakufa, ila hawatakufa. Watatu walikufa. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa kuua kwa uzembe, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Kinachonisumbua ni kwamba hema halikuwa na kufuli. Lilifunguliwa kila baada ya mzunguko wa mvuke na baadhi ya watu walitoka. Waliobaki walibaki kwa hiari, ukitaka kuiita hivyo: wamelipa, wamechoka, wenzao wanawatazama, na wameambiwa wamwamini kiongozi.

Kisa cha pili kinaniuma zaidi. Aprili 2000 huko Colorado, Marekani, mtoto wa kike wa miaka 10 alifungwa ndani ya shuka katika zoezi la "kuzaliwa upya", watu wazima wakimkandamiza kwa mito ili ajitahidi kutoka. Alisema hawezi kupumua. Alisema tena na tena. Zoezi liliendelea dakika 70 hivi na lilirekodiwa kwenye video. Alifariki. Wataalamu wawili walioliongoza walihukumiwa miaka 16 kila mmoja, na mwaka 2001 jimbo hilo likapiga marufuku zoezi lenyewe.

Walimsikia. Ila nadharia yao ilisema mtoto aliye katika zoezi hilo hutumia maneno kama hayo kukwepa, kwa hiyo kila alivyolia ndivyo walivyoamini zoezi linafanya kazi. Chunguza nadharia unayofundisha. Kama ndani yake kuna neno, iwe "ukinzani", "nafsi inajilinda" au "unakimbia nini", ambalo kazi yake ni kugeuza hapana ya mshiriki kuwa ndiyo, basi huna tena namna ya kujua kwamba unaumiza mtu. Neno hilo liondoe kwenye kinywa chako kabla hujaondoa kitu kingine chochote.

Watoto siwapokei kabisa.

Kuhusu watu wazima, kusema "mko huru kukataa" hakutoshi. Kila mkufunzi anasema hivyo, na ukumbi mzima unajua maana yake ni "ila msikatae". Kukataa kunafanyiwa mazoezi. Zoezi langu la kwanza ni hili: kila mtu anamgeukia jirani na kumwomba jambo dogo. "Naomba nikushike bega." Jirani lazima ajibu, "Hapana, asante." Aliyekataliwa naye anajibu, "Sawa," basi, bila kununa wala kuuliza kwa nini. Wanabadilishana. Watu wanacheka sana, halafu wengine wananyamaza. Mzee mmoja aliniambia pembeni, "Hili neno kulitamka mbele ya mtu mzima mwenzangu, nimesikia kijasho."

Baada ya hapo nawaambia, na naomba uyachukue maneno haya kama yalivyo: "Neno letu ni 'napita'. Ukilisema, tunaendelea kwa jirani yako. Sitakuuliza sababu, na sitakuuliza baadaye. Choo kiko pale, huombi ruhusa. Ukitaka kuondoka kabisa, ondoka. Msaidizi wangu atakufuata mpaka nje kukuuliza jambo moja tu, kama umeshika vitu vyako na unaweza kufika salama. Ukiondoka kabla ya saa sita mchana ya siku ya kwanza, ada yako yote inarudi."

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloudhi wenzangu. Mimi naliona kuwa ndilo linalofanya mengine yote yawe kweli.

Ile kazi ya mlangoni bado ipo. Msaidizi anakaa pale na chupa za maji na kitu cha kutafuna.

Machozi, kumbukumbu, mikono

Dada mmoja alisimama mbele ya ukumbi akasimulia, kwa mara ya kwanza maishani mwake, jambo alilotendewa akiwa msichana. Nilimsukuma kidogo: "Endelea, tupo nawe." Akalia, ukumbi ukalia, tukampigia makofi. Usiku ule nililala nikijiona nimezaliwa kwa kazi hii. Siku ya tatu nduguye akanipigia: dada hapati usingizi, hataki kula, anatetemeka, na anayaona yale kana kwamba yanatokea sasa. Sikuwa na la kumwambia. Sikuwa hata na namba ya daktari wa magonjwa ya akili wa kumwelekeza.

Tunaamini kwamba kusimulia ni kupona. Si lazima. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 uliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani, ambao baadhi yao walikuwa wamepewa kikao kimoja cha kusimulia ajali mara baada ya kuumia. Miaka mitatu baadaye, waliokuwa na dalili kali mwanzoni na wakapitishwa kwenye kikao kile walikuwa na hali mbaya kuliko wenzao walioachwa. Kwa hiyo simwombi mtu asimulie kisa mbele ya watu. Akianza mwenyewe, nampunguza mwendo: namwambia afumbue macho, akanyage sakafu, aniambie anaona nini ukumbini. Namuuliza, "Unataka kuishia hapa?" Mara nyingi anataka.

Na usimwambie mtu kamwe kwamba kuna jambo lilimpata utotoni ambalo amelisahau. Mtafiti wa kumbukumbu Elizabeth Loftus na mwenzake, katika jaribio la mwaka 1995, waliwapa watu 24 visa vya utotoni mwao, kimoja kikiwa cha kutungwa: kwamba walipotea katika duka kubwa. Robo yao walikikumbuka, kwa kiasi au chote. Hapo hapakuwa na giza wala ngoma, wala mkufunzi anayenong'ona. Wewe ukimwambia mtu aliyelala chini macho yamefumbwa, "Nahisi kuna mwanamume katika chumba hicho," unaweza kuvunja familia kwa sentensi moja, na mwanamume mwenyewe hakuwepo.

Kushika mwili: omba kabla, kwa maneno, macho ya mshiriki yakiwa wazi. Ruhusa ya jana haihamii leo. Mgongoni na mabegani tu, na msaidizi akiona.

Mapenzi, pesa, siri

Usilale na mshiriki. Maadili ya American Psychological Association, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, yanamtaka mwanasaikolojia asubiri angalau miaka miwili baada ya tiba kwisha, na hata hapo ni kwa nadra sana. Utasema warsha si tiba. Sawa, lakini yule mtu amekuona siku mbili ukiwa umesimama, mwenye majibu, sauti nzuri, na hajawahi kukuona ukitafuta soksi. Hakujui.

Warsha inayofuata usiiuze ukumbini. Najua ndipo pesa ilipo. Nilifanya kazi na watu waliokuwa na meza ya kujiandikishia "ngazi ya pili" mlangoni, taa zikiwa bado hafifu na muziki ukiendelea, na karibu nusu ya ukumbi walisaini. Mimi naituma taarifa baada ya siku 14, mara moja. Anayetaka atakuja akiwa ameshafua nguo na kurudi kazini.

Siri unaweza kuahidi ya kwako tu. Ya washiriki 20 huwezi, kwa hiyo sema hivyo waziwazi: "Mimi sitasema. Hawa wenzako nimewaomba wasiseme, wamekubali, lakini siwezi kuwafunga midomo. Pima unachosimulia." Taja na mipaka: maisha ya mtu yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, utazungumza. Simu zinakaa kwenye kikapu. Kundi la WhatsApp la washiriki silifungui mimi, maana nimeona makundi hayo yakigeuka mahakama ya kumjadili asiyekuwepo.

Utakuwa wa mwisho kujua

Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti Lieberman, Yalom na Miles waliwafuatilia wanafunzi zaidi ya 200 wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliopitia makundi ya aina hii chini ya viongozi wa mitindo mbalimbali. 16 waliumia kwa namna iliyoendelea kuonekana miezi kadhaa baadaye. Makundi yaliyoumiza zaidi yalikuwa ya viongozi wenye mvuto mkubwa, wanaosukuma na kukabili. Viongozi wenyewe walishindwa kuwatambua waliowaumiza. Waliowatambua vizuri zaidi ni wanakikundi wenzao.

Nilipolielewa hilo nilianza kugawa kadi ndogo mwisho wa kila siku, yenye swali moja: "Kuna mtu ukumbini unayemwonea wasiwasi?" Hawaandiki majina yao. Kadi nyingi hurudi tupu. Zinapotokea mbili zenye jina moja, msaidizi anakwenda kwa mtu huyo kabla ya chakula cha jioni, si mimi, kwa sababu mimi ndiye anayeweza kuwa chanzo. Namba za daktari wa magonjwa ya akili na mnasihi aliyesajiliwa, ambao nimeshazungumza nao mapema wakakubali kupokea watu, ziko mfukoni mwa msaidizi. Kama huna namba hizo, warsha yako haijawa tayari hata kama ukumbi umeshalipiwa.

Halafu siku ya tatu baada ya warsha nampigia kila mshiriki. Swali ni, "Umelala vipi tangu tuachane?" Nimejaribu "unajisikiaje" nikaona watu wananipa jibu la kunifurahisha, usingizi hauna adabu hiyo. Asiyelala usiku wa pili mfululizo, namuunganisha na daktari siku hiyo hiyo, hata kama anasema anajisikia mwepesi na mwenye nguvu kuliko wakati wowote. Hasa akisema hivyo, maana huenda ni ile furaha iliyopitiliza niliyoiuliza kwenye fomu.

Asipopokea, napiga tena kesho yake asubuhi. Asipopokea tena, naandika ujumbe mmoja usio na swali ndani yake: "Nilikupigia kukujulia hali baada ya warsha. Si lazima unijibu. Namba ya daktari ni hii hapa chini." Kisha naacha.